Rangi ya kufichua oili inayovuja: chupa nzuri, tochi ya kubahatisha

Kwa mwenye haraka: chupa ya rangi nunua, miwani ivae, tochi ifungie kabatini utafute nyingine. Mwenye nafasi avute kiti, maana seti hii imeniokolea kazi ya kushusha giaboksi ambayo haikuwa na sababu ya kushushwa, na bado nina ugomvi nayo.

Ninazungumzia zile seti ndogo za kutafutia mahali injini inapovujisha oili. Zinauzwa kwa majina mengi, lakini ndani mambo ni yaleyale: chupa ya rangi ya mililita 30, tochi ya mwanga wa UV, miwani ya plastiki ya njano, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mpaka herufi zimevunjika. Unamimina rangi kwenye oili ya injini, unaendesha gari, halafu gizani unamulika. Palipopita oili panang'aa rangi ya njano yenye ukijani, rangi isiyo ya kawaida chini ya boneti. Habari yote ni hiyo. Ugumu uko kwenye kusoma unachokiona.

Mgonjwa wangu ni gari lenye umri wake, injini ya petroli ya pistoni nne iliyolazwa kwa upana wa gari, giaboksi ya mkono. Oili ilikuwa ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Si kwa kutisha: tone, kimya, tone jingine, asubuhi doa sakafuni. Ila oili kwenye dipstiki ilikuwa inashuka kati ya sevisi na sevisi, na baada ya mwendo mrefu harufu ya oili inayoungua ilikuwa inaingia ndani kupitia matundu ya hewa. Fundi alilala chini kidogo tu, akapitisha kidole, akainuka anajifuta.

"Mzee, hii ni sili ya nyuma ya krenki. Hapa ni kushusha giaboksi, hakuna namna."

"Umeiona sili yenyewe?"

"Sili huwezi kuiona mpaka giaboksi ishuke, mzee."

Simlaumu sana. Sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea kuelekea giaboksi, ikifa, oili inatokea hapohapo alipopapasa, chini ya nyumba ya klachi. Lakini oili haikai mahali ilipotokea. Inashuka kwa uzito wake, inafuata kila mfereji wa chuma inaoukuta, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, feni ya rejeta nayo inaongeza yake. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa yenye matone ni mwisho wa safari tu. Gasketi (mpira wa kuzibia mshono) ya tapeti kava, mfuniko wa juu kabisa wa injini, iliyopasuka kwenye kona ya upande wa giaboksi italeta tone mahali palepale panapoletwa na sili ya krenki. Tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa mno: moja ni bolti chache za juu na asubuhi ya utulivu, nyingine giaboksi inashuka, klachi inatoka, flaiwili inatoka, ndipo uiguse sili. Na ile harufu ya kuungua ilinitia shaka zaidi. Oili inayotokea chini kabisa ya injini mara nyingi haina njia ya kupanda kwenye mabomba ya moshi yenye moto mkali yaliyo juu yake.

Nikanunua seti.

Maelekezo yanalipa suala la usafi mstari mmoja: "safisha injini kabla ya kutumia." Walistahili kuliandikia ukurasa mzima. Injini yenye tabaka la oili ya zamani iliyochanganyika na vumbi haifai kwa kazi hii hata kidogo. Oili mpya yenye rangi ikigusa ule uchafu itasambaa kama wino kwenye karatasi mbovu, na utajikuta unamulika injini nzima inayong'aa bila kujua mwanzo wala mwisho. Kazi ya kusafisha ilinichukulia muda kuliko mambo mengine yote. Injini iwe baridi. Alteneta, koili za plagi na mdomo wa kuvutia hewa nilivifunika kwa mifuko ya plastiki. Dawa ya kuondoa grisi, brashi ya mswaki mkuukuu kwenye pembe, maji ya mkondo mdogo (mashine ya presha inasukuma maji ndani ya soketi za umeme, na hapo umejiletea tatizo la pili), kisha kukausha kwa hewa na matambara. Ile plastiki kubwa ya chini ya injini niliitoa pia. Inakusanya oili, na inaweza kuihamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla haijadondoka.

Kwa kuwa lazima uingie chini: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Gari likae juu ya stendi, matairi ya upande mwingine yawekewe vizuizi, brekimkono ivutwe, na ulisukume kwa bega kabla hujaingiza kichwa. Likitikisika, shusha uanze upya.

Kumimina rangi kunahitaji mkono mtulivu. Tone moja likianguka pembeni ya mdomo wa oili, baadaye litang'aa kuliko kitu kingine chochote na litakuapia kwamba tapeti kava inavuja hapo. Nilitumia faneli nyembamba na glavu, nikafuta mdomo, nikatupa glavu kabla sijagusa mfuniko. Alama za vidole zenye rangi hii zinaonekana vizuri tu kwenye mwanga wa UV, na mtu asiyejijua anaweza kuzichora injini nzima. Chupa yangu iliandikwa kwamba inatosha injini ya ukubwa wa kawaida wa gari dogo. Oili yangu haikuwa nyeusi sana, na kwa hali hiyo ilitosha. Mwenye injini ya dizeli ajue mapema kuwa masizi yanayoifanya oili kuwa nyeusi yanameza mwanga, kwa hiyo mng'ao utakuwa hafifu. Ni afadhali aweke rangi baada tu ya kubadilisha oili. Halafu someni chupa vizuri: kuna rangi za oili, za maji ya rejeta na za gesi ya kiyoyozi, na hazibadilishani kazi.

Karatasi inasema uwashe injini dakika 10 ikiwa imesimama, kisha umulike. Hili ni kweli nusu. Panapovuja kwa presha, kama kwenye swichi ya presha ya oili au oringi ya filta, dakika hizo zinatosha kwa sababu pampu inaisukuma oili nje. Lakini juu, chini ya tapeti kava, hakuna presha ya pampu. Oili inarushwarushwa tu na kurudi sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na mahali palipolegea panatoa jasho polepole. Kwa uvujaji wa namna hiyo injini ipate joto kamili, gari litembee safari zake za kawaida, lipande mlima, lipoe, litembee tena. Nililiendesha kama ninavyoliendesha siku zote mpaka tone likarudi sakafuni. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu cha kumulikwa.

Sasa tochi. Kwenye boksi imeandikwa UV kwa herufi kubwa, lakini ukitazama namba ndogo ni nanomita 395. Mwanga wenye urefu huo wa wimbi unakaribia sana ule unaoonekana kwa macho, na kwa hiyo tochi inamwaga zambarau nyingi ambayo inafunika mng'ao unaoutafuta. Kila chuma kinageuka zambarau, kila kipande cha plastiki nyeupe kinang'aa, na macho yanachoka. Ukiwa nje mchana huoni kitu kabisa. Gizani, ukiwa na miwani, na tone likiwa kubwa, inafanya kazi. Kwa alama nyembamba, hapana. Rafiki yangu mmoja anayetengeneza viyoyozi aliniazima tochi yake ya nanomita 365 yenye kioo cheusi mbele, na palepale nikaona mistari ambayo tochi ya boksini ilikuwa imeipita bila habari. Kama unanunua seti, angalia namba hiyo kabla ya kitu kingine. Isipoandikwa popote, chukulia ni 395.

Miwani ya njano, ambayo nilidhani ni urembo wa kujaza boksi, inafanya kazi kweli. Inazuia ile zambarau inayorudi machoni na kuacha njano ipite, ndiyo maana mng'ao unachomoza. Inakaa vibaya puani na mikono yake ni ya plastiki laini, lakini sikuivua. Ila isikupe kiburi cha kujimulika usoni au kummulika aliyeko chini ya gari. Mwanga huu unaumiza macho, na kwa kuwa sehemu yake kubwa haionekani, jicho halijikingi kwa kufumba.

Orodha ya vitu vitakavyokudanganya karatasi haikuitaja kabisa, na mimi naiona ni kasoro kubwa kuliko tochi. Maji ya rejeta ya kijani yana rangi yake yenyewe inayong'aa kijani kwenye mwanga huu, na injini inayovuja maji kidogo kwenye mpira wa juu itakuchanganya vibaya. Nyuzi za matambara na karatasi za kufutia zinang'aa buluu nyeupe, ndogondogo, kila mahali ulipofuta. Baadhi ya sabuni zinaacha madoa yanayowaka. Oili yenyewe bila rangi ina kamng'ao kake hafifu ka kibuluu. Rangi unayoitafuta ni njano yenye ukijani, kali, na ina unyevu. Ukigusa kwa pamba safi na pamba ikang'aa, ni yenyewe.

Tukaingia usiku, mimi na mpwa wangu. Yeye ana mkono mrefu na macho yasiyohitaji miwani ya kusomea, kwa hiyo alikaa juu na mimi chini. Injini imezimwa, taa zimezimwa. Chini kulikuwa kama fundi alivyosema: kwenye ukingo wa injini na giaboksi kulikuwa na mstari wa njano umekusanyika, na chini yake tone limening'inia linasubiri. Kama ningeishia hapo, giaboksi ingeshuka. Lakini kanuni ni kupanda juu, si kuridhika na palipong'aa zaidi. Panapong'aa zaidi ni palipokusanya. Tafuta palipo juu zaidi, na kama gari linatembea, palipo mbele zaidi.

Nikaanza kupandisha mwanga kidogokidogo. Juu ya ule mkusanyiko kulikuwa na kamba mbili za njano, moja nene, moja nyembamba kama uzi wa kushonea. Zilikuwa zimeachana kwenye kipande cha chuma kinachoshika nyaya, moja imepita kushoto kwake, nyingine kulia, zikakutana tena chini. Juu ya kipande hicho ilikuwa kamba moja tu, imelala ndani ya mfereji wa silinda hedi (kipande cha injini kinachobeba tapeti kava), upande wa ukuta unaotenganisha injini na viti. Hapo mwanga wangu ukagota.

"Mjomba, huku juu panang'aa chini ya kava. Kwenye kona. Juu ya kava ni pakavu."

"Pakavu kabisa?"

"Pakavu. Mstari unaanzia kwenye mpira."

Nilitoka chini nikatazama mwenyewe. Ulikuwa mwezi mwembamba wa njano kwenye mshono wa tapeti kava na silinda hedi, kona ya nyuma ya upande wa giaboksi, urefu wa ukucha. Juu yake hakuna hata tone. Kutoka hapo oili ilikuwa ikishuka kwenye mfereji, sehemu yake ikigusa kinga ya bomba la moshi (harufu yetu hiyo) na iliyobaki ikienda zake giaboksi. Kuna kitundu kidogo chini ya nyumba ya klachi. Nikaingiza pamba kwenye kijiti, ikatoka na vumbi la klachi, haing'ai. Sili ya krenki ingekuwa ndiyo mhalifu, oili ingetokea ndani na pamba isingetoka kavu.

Hapo ndipo seti inapofikia kikomo chake, na ni haki kulisema hili kwenye tathmini. Rangi inakuonyesha wapi. Haikuambii kwa nini. Gasketi inaweza kufa kwa uzee, lakini inaweza pia kusukumwa na presha iliyojaa ndani ya injini kwa sababu vali ya hewa, ile wanayoiita PCV, imeziba. Gesi kidogo hupita ringi za pistoni siku zote na kuingia chini kwenye sampu. Vali hii kazi yake ni kuzirudisha zikaungue. Ikiziba, gesi zinatafuta mlango, na mlango wa kwanza ni gasketi au sili iliyo dhaifu. Ukibadilisha gasketi bila kuangalia vali, gasketi mpya nayo itasukumwa. Niliitoa, nikaitikisa sikioni. Nzima inalia kama ina kokoto ndani. Yangu ilikuwa bubu, imejaa utomvu mweusi. Niliinunua mpya pamoja na gasketi, kisha nikasafisha na mpira wake, maana vali mpya kwenye bomba lililoziba haina maana.

Kazi ya gasketi yenyewe mtu mwenye boksi la spana na subira anaimudu. Toa waya hasi wa betri, toa koili huku ukiziwekea alama za namba, toa bolti za kava ukianzia nje kuelekea katikati. Kava ikigoma, usiipigie bisibisi kwenye mshono, chuma cha silinda hedi ni laini na mkwaruzo mmoja unatengeneza mlango mpya wa oili. Nilipiga pembeni kwa nyundo ya mpira, ikaachia. Gasketi ya zamani ilitoka vipandevipande. Pale kwenye kona ilikuwa imekauka kuwa plastiki, ukiikunja inalia *ta* na kuvunjika. Kwenye mashimo ya plagi, mipira ya duara nayo ilikuwa imeanza kukauka, na kwenye shimo moja palikuwa na oili kidogo chini. Badilisha hiyo mipira wakati huohuo, kwa sababu oili ikijaa kwenye shimo la plagi inaharibu mpira wa koili na injini inaanza kukosa pistoni moja.

Nyuso zote mbili zisafishwe mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kwa kikwaruzo cha plastiki na dawa ya kusafishia breki. Gasketi ya mpira inawekwa kavu. Silikoni inapakwa sehemu chache tu ambazo kitabu cha gari kinazitaja, kwenye injini nyingi ni pale kava ya taimingi inapokutana na silinda hedi, na kwenye pembe za nusu duara. Wapo wanaopaka silikoni kuzunguka gasketi yote "kwa usalama". Inaufanya mpira uteleze utoke kwenye mfereji wake, na ile ziada inayojibana kwa ndani inakatika na kuelekea kwenye chujio la pampu ya oili. Kwangu ilikuwa tone la ukubwa wa njegere kwenye kila pembe, basi.

Bolti za kava hii ni ndogo, spana namba 10, na nguvu yake ya kukazia kwenye kitabu changu ni Nm (nyutonimita) 9. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko mkono unavyofikiri. Kaza kwa kuanzia katikati ukienda nje, kwa awamu, na kama una spana ya torki ndogo, ile inayopima nguvu ya kukaza, itumie. Bolti ya aina hii ikikazwa kwa hasira inakatika ndani ya aluminiamu, au inaikunja kava na kona inaanza kuvuja upya. Nililiacha gari mpaka kesho yake silikoni ikauke. Nyingi zinasema saa 24.

Kisha nikarudi kwenye seti, na hapa ndipo nilipoipenda zaidi. Rangi bado imo ndani ya oili na itakaa humo mpaka oili ibadilishwe. Huna haja ya kumimina nyingine. Nilisafisha ule mfereji wote, kipande kinachoshika nyaya, ukingo wa giaboksi, mpaka tochi ya rafiki yangu ikaona giza tupu. Nikaendesha kama kawaida. Nikamulika. Kona kavu, mfereji mkavu, nyumba ya klachi kavu. Kwenye nati ya kumwagia oili ya sampu palikuwa na pete nyembamba ya njano isiyodondoka. Ni wosha ya zamani iliyorudishwa kwenye sevisi iliyopita badala ya kuwekwa mpya, na hiyo itasubiri sevisi ijayo. Bila mwanga huu nisingeijua.

Mtaniuliza kama poda isingefanya kazi hiyohiyo. Poda ya kawaida, ukiinyunyiza kwenye sehemu iliyosafishwa na kukaushwa, inakuonyesha njia nyeusi ya oili kwa mchana mweupe, na haihitaji tochi. Kwa sehemu iliyo wazi mbele yako, kama ubavu wa sampu au shingo ya filta, ningeanza na poda. Lakini kwenye kona ya nyuma isiyofikika, feni inaipeperusha na huwezi kuiona hata ikiwepo. Kadibodi chini ya gari inakusaidia kujua upande tu, si mahali. Na zile dawa za kumimina za kuziba uvujaji ni habari nyingine kabisa: nyingi zinafanya mpira uvimbe na ulainike kidogo, na zinaweza kumsaidia mwenye sili iliyokauka tu. Gasketi iliyovunjika vipande kama yangu haivimbi ikajiunga.

Kabla hujanunua hata chupa, angalia vitu vya bure. Filta ya oili inayovuja mara nyingi ni mpira wa filta ya zamani uliobaki umegandia kwenye injini, na mpya ikafungwa juu yake. Swichi ya presha ya oili ikichoka inavujia katikati, ndani ya soketi yake. Chomoa waya, ukikuta oili ndani ya kichwa cha waya umemaliza upelelezi. Kama oili iko kwenye mkanda wa taimingi au inadondokea bomba la moshi na kutoa moshi unaoonekana, usiliendeshe gari ukitafuta mng'ao. Simamisha, tafuta kwa macho, kwa sababu mkanda uliolowa oili unakatika na oili kwenye chuma chenye moto inawaka. Na ukiwasha injini kwa majaribio, iwe nje au milango yote wazi. Moshi wa petroli ndani ya gereji iliyofungwa hauna huruma, na gesi yake mbaya zaidi haina harufu.

Alama zangu, basi. Rangi: tano kwa tano. Mng'ao wake ni mkali, haujapungua kwa joto la injini, na sijaona athari yoyote kwenye oili. Miwani: nne, inaondolewa moja kwa kukaa vibaya. Tochi: mbili, na hizo mbili ni kwa sababu inawaka. Maelekezo: moja. Kama kuna duka linalouza chupa peke yake, chukua chupa na tochi ya nanomita 365 kando, utakuwa na vifaa vilevile vya kazi bila takataka. Fundi nilimwonyesha picha ya ile kona kwenye simu. Aliitazama, akaikuza kwa vidole, akauliza tochi inapatikana wapi.

Chupa ina kiasi kilichobaki chini. Ifunge kwa nguvu na uiweke wima, mbali na nguo.